Kinachotokea uvunguni: unyevu, baridi na sakafu ya mbao

Mtu mwenye nyumba ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi huwa na malalamiko mawili. La kwanza ni baridi: upepo ukivuma, anahisi hewa ikipenya kati ya mbao na kumpanda miguuni. La pili ni harufu, ile harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, inayong'ang'ania kwenye makabati ya chini na kwenye zulia. Kwa kuwa yote mawili yanatoka sehemu moja, wengi huyatibu kwa dawa moja. Wanaziba matundu ya hewa ili upepo usiingie, wanajaza kihami joto, yaani vitu vinavyozuia joto lisipite, kati ya maboriti, wanarudi juu wakiwa wametulia. Kwa miezi kadhaa mambo huwa mazuri kweli. Kisha mbao zilizo karibu na ukuta zinaanza kubonyea zikikanyagwa.

Baridi na unyevu ni matatizo mawili yanayoishi chumba kimoja. Ukishughulikia moja bila kulitazama jingine, mara nyingi unalitia nguvu lile uliloliacha. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kuhusu sakafu hizi unagongana vibaya: huyu anasema ongeza matundu, yule anasema yafunge, huyu anataka karatasi ya nailoni iwe juu ya kihami, yule anaitaka chini. Na kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi kwa nyumba aliyoizoea. Shida inaanza ushauri wa nyumba moja unapohamishiwa nyumba nyingine yenye hali ya hewa tofauti.

Sakafu yenyewe

Mbao za kukanyaga zimepigiliwa juu ya maboriti. Maboriti yamelazwa juu ya nguzo fupi au vikuta vya matofali, na ncha zake mara nyingi zimechomekwa ndani ya ukuta wa nje. Chini yake kuna uvungu, pengine wa kimo cha kutambaa kwa tumbo, pengine mwembamba kiasi kwamba mkono tu ndio unaoingia. Kwenye kuta za nje kumeachwa matundu ya hewa. Mafundi wa zamani walikuwa na wazo rahisi: tenga mbao na udongo, acha hewa ipite, nayo itadumu. Sakafu nyingi zilizojengwa hivyo zimepita miaka mia moja na mbao zake bado ni ngumu, kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa zuri.

Lakini sakafu hizo zilikuwa na msaidizi asiyeonekana. Katika nchi za baridi, nyumba ilivujisha joto kupitia sakafu, na joto hilo lililopotea ndilo lililoupasha uvungu na kuukausha. Likumbuke hili, kwa sababu kihami joto kazi yake ni kumfukuza msaidizi huyo.

Maji yanatoka wapi

Kabla ya kununua chochote, mtu aingie uvunguni na tochi, amevaa barakoa na glavu, akiwa ameagana na mtu wa juu kwamba anaingia. Anachokwenda kutafuta ni chanzo cha maji, na vyanzo viko vitatu.

Chanzo cha kwanza ni maji yenyewe, yanayotiririka au kudondoka. Mfereji wa paa umeziba na maji yanamwagika kando ya ukuta. Ardhi ya nje imeinama kuelekea nyumbani. Udongo wa bustani umepandishwa mwaka baada ya mwaka mpaka umefunika matundu ya hewa na kuvuka lile tabaka la ukutani linalozuia unyevu usipande. Bomba la bafu linadondosha tone baada ya tone pasipoonekana na mtu. Alama zake husomeka kwa macho: tope lililokauka likapasuka vipande vipande, mstari wa maji kwenye nguzo, unga mweupe wa chumvi juu ya matofali. Hakuna kihami, rangi, wala dawa ya kuvu itakayotibu mfereji ulioziba. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi watu wakilipia kazi kubwa chini ya sakafu huku maji ya paa yakiendelea kumwagika palepale.

Chanzo cha pili kinawadanganya wengi, nacho ni udongo. Udongo unaoonekana mkavu kwa juu bado hutoa mvuke, kwa sababu maji yaliyo chini yake hupanda polepole na kugeuka mvuke yanapofika juu. Taasisi ya utafiti wa majengo ya New Zealand, BRANZ, ilipima jambo hili na kupata kwamba ardhi iliyo chini ya nyumba ya mita za mraba 100 inaweza kutoa takribani lita 40 za maji kwa siku. Hizo ni ndoo mbili kubwa, kila siku, zinazoingia hewani bila kuacha alama yoyote chini. Maji hayo lazima yaende mahali: ama yatoke nje kupitia matundu, ama yapande ndani ya nyumba kupitia nyufa za sakafu, ama yaingie kwenye mbao.

Chanzo cha tatu ni hewa ya nje. Huyu ni rafiki katika msimu mmoja na adui katika mwingine, na nitamrudia baada ya muda mfupi.

Vyanzo hivi hutofautishwa kwa kutazama wakati na mahali. Unyevu unaozidi baada ya mvua na kupungua kiangazi unatoka kwenye maji ya juu ya ardhi. Unyevu wa doa moja usiojali msimu ni bomba. Unyevu uliotapakaa uvungu mzima karibu mwaka wote ni udongo. Na ule unaotokea wakati wa joto kali, hata kama mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa, umeletwa na hewa.

Mbao inavumilia kiasi gani

Unyevu wa mbao hupimwa kwa uzito wa maji yaliyomo ukilinganishwa na uzito wa mbao iliyokaushwa kabisa. Kipima unyevu kidogo chenye sindano mbili kinatosha kwa kazi hii. Chini ya asilimia 20, mbao haiozi. Kati ya asilimia 28 na 30, kuta za seli za mbao zimejaa maji na kuvu wa kuozesha wanapata wanachokihitaji. Eneo la katikati ni la tahadhari: bado hapajaharibika, lakini hapapaswi kuachwa hivyo.

Kinachosahaulika ni kwamba si lazima mbao iguswe na tone la maji. Mbao hunywa mvuke kutoka hewani mpaka ilingane nao. Unyevuanga, yaani mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule ambao hewa hiyo ingeweza kubeba ikijaa, ukikaa kwenye asilimia 80 kwa muda mrefu, mbao hutulia karibu na asilimia 16. Unyevuanga wa asilimia 90 huifikisha karibu na 20, na wa asilimia 95 huipeleka kwenye 24 hivi. Ukungu wa juujuu, ule wa madoa meusi au ya kijani, unaanza hata mapema zaidi, unyevuanga unapozidi asilimia 80 kwenye uso wa mbao. Kwa hiyo uvungu unaweza kuwa hauna dimbwi wala tone, na bado mbao zake zikawa zinaelekea kubaya.

Kuvu wenyewe si wa aina moja. Wengi wao hula mbao pale tu palipolowa, na chanzo cha maji kikikatwa hukoma. Aina moja inaogopwa zaidi katika nyumba za nchi za baridi, Serpula lacrymans, ambayo husababisha kile kinachoitwa uozo mkavu. Jina hilo linapotosha, kwa maana kuvu huyu naye anahitaji maji. Ila mbao aliyoimaliza hubaki kavu, nyepesi, iliyopasuka vipande vya mraba. Neno lacrymans ni la Kilatini, maana yake ni anayetoa machozi, kwa sababu ya matone yanayoonekana juu yake anapostawi. Ubaya wake ni kwamba hutandaza nyuzi zinazoweza kupita juu ya matofali na ndani ya plasta, zikibeba maji, mpaka zifikie mbao nyingine. Akionekana huyo, kazi ya kihami isimamishwe mpaka fundi anayewafahamu kuvu aje aangalie mwisho wa uharibifu uko wapi.

Pale wanapopatikana mchwa, kuna sababu ya pili ya kuuogopa unyevu. Mchwa wa ardhini hupenda udongo wenye majimaji na hujenga njia za udongo juu ya nguzo kuelekea kwenye mbao. Kihami chochote kinachofunika nguzo na kuta za uvungu kinaficha njia hizo. Kwa sababu hiyo hubakizwa ukanda mtupu ukutani, ili mkaguzi aweze kuona.

Hewa si kavu kila wakati

Tunakuja sasa kwenye kiini cha ubishi wote wa matundu.

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, na tofauti ni kubwa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10 za Selsiasi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9.4 za mvuke. Kwenye nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi, na kwenye nyuzi 30 hufika gramu 30. Ikipozwa mpaka ishindwe kubeba mvuke ilio nao, ziada hugeuka maji na kutanda kama umande juu ya kitu chochote cha baridi kilicho karibu.

Chukua siku ya baridi. Nje ni nyuzi 5, unyevuanga ni asilimia 90, na mtu yeyote angesema hewa hiyo ni mbichi. Lakini ina gramu 6 tu za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia uvunguni kwenye nyuzi 10 inapata joto kidogo, na unyevuanga wake unashuka mpaka karibu asilimia 65. Hewa hiyo inakausha. Inaingia na nafasi tupu na kutoka imebeba mvuke wa udongo.

Sasa chukua siku ya joto. Nje ni nyuzi 30 na unyevuanga ni asilimia 70, siku ya kawaida kabisa katika nchi za joto zenye unyevu. Hewa hiyo ina gramu 21 za mvuke. Inaingia kwenye uvungu ambao udongo wake uko kwenye nyuzi 23, na kwenye nyuzi 23 hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 20.6. Kitakachotokea ni umande. Matundu yale yale yaliyokausha uvungu wa kwanza sasa yanaulowesha wa pili, na ukiongeza matundu unaongeza maji.

Kwa hiyo anayesema upepo hukausha na anayesema upepo hulowesha wote wanaeleza walichokiona kwa macho yao. Katika nchi zenye misimu inayotofautiana sana, nyumba moja hupata yote mawili ndani ya mwaka mmoja. Uvungu huchelewa kupata joto kuliko hewa ya nje, hivyo mwanzoni mwa msimu wa joto ndipo umande huwa mwingi zaidi.

Kihami kinapoingia

Kihami joto hakikaushi kitu. Kinachofanya ni kupunguza joto linalopita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwa kufanya hivyo kinabadilisha ni kitu gani kitakuwa cha baridi. Ukishalielewa hilo, mengine yote ni hesabu.

Tuchukue kwanza nyumba inayopashwa moto. Kabla ya kihami, uvungu uko kwenye nyuzi 12 na hewa yake ina gramu 8 za mvuke. Unyevuanga ni asilimia 75, na maboriti yako salama. Baada ya kihami, joto la nyumba halishuki tena, na uvungu unapoa mpaka nyuzi 8. Udongo haujabadilika wala mvuke haujaongezeka hata gramu moja, lakini hewa ya nyuzi 8 haibebi zaidi ya gramu 8.3. Unyevuanga umepanda mpaka asilimia 96. Mwenye nyumba amefanya kazi nzuri, miguu yake ina joto, na maboriti yake yameingia hatarini. Ncha za maboriti zilizochomekwa kwenye ukuta wa nje ndizo hupata taabu ya kwanza, maana ukuta wenyewe ni wa baridi na wakati mwingine umelowa.

Katika nyumba hiyo ya baridi, mvuke wa ndani ya nyumba unataka kushuka kuelekea kwenye ubaridi. Kwa hiyo kizuizi cha mvuke, yaani tabaka lisilopitisha mvuke, hukaa juu, upande wa joto, na chini ya kihami huwekwa kitambaa kinachozuia upepo lakini kinapitisha mvuke. Kosa linaloumiza ni kupigilia karatasi ya nailoni chini ya maboriti kwa imani kwamba inazuia unyevu wa ardhini. Inauzuia, ni kweli, lakini pia inanasa kila mvuke unaoshuka kutoka juu, na siku bomba likipasuka au mashine ya kufulia ikimwaga maji, karatasi hiyo hugeuka beseni lililofungwa chini ya mbao.

Sasa tazama nyumba inayopozwa kwa kiyoyozi katika hali ya hewa ya joto na unyevu. Ubaridi uko juu, mvuke uko nje na uvunguni, na unataka kupanda. Ukifuata ushauri wa nchi za baridi ukaweka kizuizi juu na kitambaa kinachopitisha mvuke chini, mvuke utapita kwenye kihami na kukutana na upande wa chini wa mbao zilizopoa. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo sakafu imefunikwa kwa vinaili au kitu kingine kisichopitisha mvuke: unyevu unapanda mpaka hapo, unakosa njia, unakaa kwenye mbao. Katika nyumba hii kizuizi cha mvuke kinatakiwa kiwe upande wa chini, kimefungwa vizuri kwenye maungio yote. Mabamba ya povu gumu yaliyobandikwa chini ya maboriti na kuunganishwa kwa gundi au utepe hufaa kwa kazi hii. Kupunguza ukali wa kiyoyozi kwa nyuzi mbili au tatu pia husaidia sana, na hakugharimu kitu.

Swali la kwanza kumwuliza fundi, basi, ni hili: kwa sehemu kubwa ya mwaka, upande upi wa sakafu ndio wa joto? Fundi asiyeweza kulijibu hajawa tayari kuigusa sakafu hiyo.

Mpangilio wa kazi

Maji ya nje yaondolewe kwanza: mifereji, miinamo ya ardhi, mabomba, udongo uliofunika matundu. Vipande vya mbao, maboksi na takataka za ujenzi zilizoachwa uvunguni zitolewe zote, kwa kuwa ni chakula cha kuvu na daraja la mchwa.

Kisha udongo ufunikwe. Kama ningeambiwa nichague kazi moja tu chini ya sakafu yoyote ile, iwe ya baridi au ya joto, ningechagua hii. Karatasi ya nailoni ya unene wa milimita 0.15 hadi 0.25 hutandazwa juu ya ardhi yote, vipande vikipandiana kwa milimita 150 au zaidi na kubandikwa kwa utepe, kingo zikipandishwa kidogo kwenye kuta na kuzungushiwa nguzo. Mawe au matofali huizuia isipeperuke. Haifai pale maji yanapotuama, kwa sababu yatakaa juu yake.

Thamani ya karatasi hiyo inaonekana ukilinganisha kanuni za nchi. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 10. Kanuni za Marekani, pasipo kifuniko cha ardhi, hutaka matundu yenye eneo la moja ya 150 ya sakafu, yaani milimita za mraba 667,000 hivi. Ukifunika ardhi, hukubali mpaka moja ya 1,500, yaani takribani 66,700. Mwongozo wa England, ambao tayari unadai ardhi ifunikwe, unataka milimita za mraba 1,500 kwa kila mita ya ukuta wa nje au 500 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Ukihesabu kuta zote nne unapata 60,000. Nchi mbili zimeishia karibu namba moja. Yaani karatasi nyembamba ya nailoni inachukuliwa kuwa na uzito wa tisa ya kumi ya matundu yote. Mwongozo huo wa England unataka pia nafasi isiyopungua milimita 150 kati ya kifuniko cha ardhi na upande wa chini wa sakafu, na matundu yawe kwenye kuta zinazotazamana ili hewa ivuke uvungu mzima bila kuacha kona iliyokufa.

Baada ya hapo, subiri. Pima maboriti kadhaa, yakiwemo yale ya pembeni na ya kona za mbali, kisha pima tena baada ya wiki na miezi. Mbao nene hukauka polepole, na kuifunga kwa kihami ikiwa bado ina asilimia 24 ni kuifungia ugonjwa ndani. Zikishuka chini ya 20 na kubaki hapo, ndipo kihami kiletwe.

Kihami chenyewe

Sufi ya madini na ile ya nyuzi za kioo hukatwa kwa upana wa nafasi na kuingizwa kati ya maboriti, ikishikiliwa na wavu au kitambaa. Ubora wake unategemea jambo dogo linalopuuzwa: lazima iguse mbao za sakafu kwa juu. Ikilegea na kuacha nafasi, hewa ya baridi hupita juu yake na kihami kinakuwa pambo. Mabamba ya povu gumu huhami vizuri zaidi kwa unene mdogo, lakini maboriti ya nyumba kuukuu hayajanyooka, na kila pengo pembeni ya bamba ni njia ya upepo mpaka lizibwe. Povu la kupulizia huziba kila ufa kwa siku moja, na hapo ndipo pana hatari yake: linafunika maboriti yasionekane, hayapimiki tena kwa urahisi, na kulibandua ni kazi ngumu. Mimi nisingelikubali kwenye mbao ambazo sina hakika na ukavu wake.

Kabla ya kuhangaika na unene, ziba nyufa. Hewa inayopenya kati ya mbao na kwenye kona za ukuta hubeba mvuke mwingi kuliko ule unaopenya taratibu kwenye mbao yenyewe, na joto pia. Matundu ya mabomba na nyaya kwenye sakafu yazibwe yote. Matundu ya hewa ya uvunguni ni jambo jingine. Hayo yasizibwe katika kazi hii.

Umeme unahitaji uangalifu wa peke yake. Waya uliozungukwa na kihami hushindwa kutoa joto lake na unaweza kuzidiwa. Povu la polistirini likigusana na waya wenye ganda la PVC, ganda hilo hupoteza ulaini wake na baadaye kupasuka. Kihami cha foili, yaani karatasi nyembamba ya metali, kina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa pini ya kupigilia ikipenya kwenye waya, karatasi nzima inabeba umeme na mtu aliye chini anatambaa akiigusa. Tangu tarehe 1 Julai 2016 New Zealand imepiga marufuku kuweka au kukarabati kihami cha foili katika nyumba za kuishi zenye nyaya za umeme tayari. Mabomba ya maji yanayobaki chini ya kihami yavishwe yake, kwa sababu uvungu sasa ni wa baridi zaidi na katika nchi za theluji yataganda.

Kuufunga uvungu kabisa

Kuna njia ya tatu, inayotumika zaidi Marekani: matundu yanafungwa, ardhi na kuta zinafunikwa, kihami kinawekwa kwenye kuta za uvungu badala ya kati ya maboriti, na hewa yake inakaushwa kwa mashine au kwa kuunganishwa na hewa ya nyumba. Katika jaribio la nyumba 12 zinazofanana huko North Carolina mwanzoni mwa miaka ya 2000, uvungu uliofungwa ulikuwa mkavu zaidi wakati wa joto kuliko ule wenye matundu, na nyumba hizo zilitumia nishati pungufu kwa takribani asilimia 15. Kwa hali ya hewa ya joto na unyevu, naiona kuwa njia bora kwa anayeweza kuitunza.

Lakini masharti yake hayakwepeki. Haifai mahali panapofurika. Haifai kama uvunguni kuna jiko au hita ya gesi inayotegemea hewa ya humo kuungua. Pale ardhi inapotoa radoni, gesi ya mionzi isiyo na harufu, lazima kuwe na bomba la kuitoa chini ya kifuniko kabla haijapanda. Na mashine ikizimika kwa miezi bila mtu kujua, uvungu uliofungwa hauna njia nyingine ya kupumua.

Njia yoyote itakayochaguliwa, usifunge sakafu yote bila mlango. Bakiza mbao moja inayofunguka kwa skrubu karibu na ukuta wa nje, upande unaopata jua kidogo, na kipande cha kihami chini yake kinachotoka kwa mkono. Pima boriti hiyo hiyo mara mbili kwa mwaka, mwisho wa msimu wa baridi na katikati ya msimu wa joto. Namba uiandike kwa penseli palepale juu ya boriti, pamoja na tarehe, ili atakayeufungua baada yako azikute zimepangana.